Buti la gari kulia: maana yake na namna ya kutafuta chanzo

Gari hulia nyuma pale vitu viwili vilivyotakiwa kushikana vinapoachana kidogo, au viwili vilivyotakiwa kuachana vinapogusana. Nafasi ya milimita moja inatosha. Kinachofanya kasoro ndogo isikike kubwa ni buti lenyewe: ni sanduku la bati jembamba lenye hewa ndani, nalo hukuza mlio kama ngoma. Ndiyo maana spana iliyolala vibaya chini ya zulia inaweza kumfanya mtu aamini ekseli imekatika.

Barabara zetu za kusini husaidia uchunguzi kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka Mtwara kwenda Mingoyo, kila ukikaribia makazi ya watu unakutana na rasta (vile vijituta vidogo vilivyopangwa mfululizo) au matuta, na hivyo ni vipimo viwili tofauti. Rasta hutikisa gari kwa mitetemo midogo ya haraka haraka. Huamsha vitu vyepesi kama plastiki, klipu, kibao cha namba na kitasa kilicholegea. Tuta hulinyanyua na kulishusha gari zima, na hapo huamka vizito: tairi la spea, jeki, shokapu, bushi za nyuma. Gari likinyamaza kwenye tuta halafu likapiga njuga kwenye rasta, usikubali kuuziwa shokapu. Na likilia hata limesimama, injini ikiunguruma tu, chanzo kwa kawaida hakimo ndani ya buti. Chungulia chini: mara nyingi ni bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea bolti, au raba inayoning'iniza ekzosi imekatika. Subiri ipoe kabla ya kushika.

Kama linalia likiwa barabarani tu, toa kila kitu kwenye buti. Nikisema kila kitu namaanisha spea, jeki, wili spana, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu, dumu la maji, hadi zulia lenyewe. Kisha pita kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Mlio ukipotea, rudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitaje. Kazi hii inachosha, wengi wanairuka, na matokeo yake wanabadilisha vifaa vizima.

Mimi hushuku mtungi wa kuzimia moto kwanza. Watu huununua ili trafiki wasiwasumbue, wakautupa nyuma, ukawa unabingirika kila kona. Inafuata jeki. Kwenye magari mengi hukaa kwenye kishikio chake pembeni, na ukiirudisha bila kuizungusha mpaka ijikaze, itacheza. Spea nayo hubanwa na bolti la katikati. Ukiweka tairi jembamba kuliko la awali, bolti hufika mwisho kabla tairi halijabanwa. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kiweke katikati, kaza tena. Msimu wa korosho una balaa lake: gunia likitoboka, korosho ghafi hutumbukia kwenye shimo la spea na kuzunguka humo kama zimelipiwa nauli. Kuna watu wameambiwa hiyo ni beringi.

Buti tupu likiendelea kulia, hamia kwenye mfuniko. Kitasa kina ndoana upande mmoja na pete ya chuma upande wa pili. Funga buti, weka viganja juu yake, kandamiza kisha vuta. Ukihisi mchezo, ndoana haiivuti pete vya kutosha. Bolti za pete mara nyingi ni za spana namba 10 au 12. Kabla ya kuzilegeza, chora mstari kwa kalamu kuizunguka pete ili ujue ilikokuwa, isogeze kidogo sana, kaza, jaribu. Ukizidisha, buti litagoma kufunga. Kwenye kona za mfuniko kuna vitufe vya raba ambavyo wenye magari wengi hudhani ni pambo. Kwenye magari mengi huzungushwa, vikatoka nje kidogo na kuondoa ule mchezo. Magari ya saluni yana pia fimbo za springi chini ya kibao kilicho nyuma ya kiti, zile zinazonyanyua mfuniko. Fimbo hizo zikigusana huvuma. Zitenganishe kwa sponji ya kufunga. Kwa gari la mlango wa nyuma, kama IST au Probox, laza kiti cha nyuma uendeshe. Mlio ukikoma, kitasa cha kiti ndicho kilichokuwa kikigonga.

Raba inayozunguka mlango ina kipimo rahisi. Fungia kipande cha karatasi katikati yake na mfuniko, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, hapo raba haibani. Anayepita barabara za vumbi za Newala au Tandahimba hana hata haja ya karatasi: akifika, afungue buti atazame vumbi jekundu limeingilia wapi. Panapopita vumbi hupita pia moshi wa ekzosi, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo jambo hili si la masikio tu. Raba ikiwa nzima ila imekauka, ipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huivimbisha. Mikindani na Lindi mjini chumvi ya bahari hula bolti za kibao cha namba. Badilisha, weka raba nyuma ya kibao.

Shokapu husingiziwa mno, lakini si kwamba haina kosa kamwe. Kwenye magari mengi kichwa cha shokapu ya nyuma kimefungwa pembeni mwa buti, nyuma ya kava, hivyo nati yake ikilegea mlio hutokea butini kabisa. Vua kava uikague. Kisha kandamiza kona ya gari na kuiachia: ikiendelea kucheza juu na chini, au ukiona mafuta yamechuruzika kwenye mwili wa shokapu, hapo sawa, nunua nyingine.

Kuna mlio mmoja usiotibiwa nyumbani. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo inatoka mikoa yetu hii, na magari yanayotumia gesi asilia yanaongezeka nchini; mengi mtungi wake umefungwa ndani ya buti. Mtungi ukijaa huwa na presha ya baa 200 hivi, wakati tairi la gari dogo lina 2 na kidogo. Mikanda yake ikianza kugonga, usichomeke tambara wala kufunga waya. Funga valvu ya mtungi, hamia petroli, peleka gari kwa mafundi wa mifumo ya gesi. Na ukifungua buti ukakutana na harufu ya gesi, usiwashe gari wala usibonyeze swichi yoyote: liache wazi, watu wasogee mbali, na mafundi ndio walifuate lilipo.