Mgeni na nyumba ya Diani: miaka 99, si milele
Wengi huamini kwamba mgeni akinunua nyumba ya ufukweni Diani au Malindi, ardhi inakuwa yake daima, na kwamba akiunda kampuni na Mkenya kikwazo chochote cha kisheria huondoka. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema vingine: asiye raia humiliki ardhi kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hapo ndipo watu huumia, maana dai kwamba kampuni na Mkenya inatosha hulisikia kwa dalali wanayemwamini. Soma kifungu hicho mwenyewe. Kisha, kabla ya kulipa, omba ukaguzi rasmi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi: utaona jina la mmiliki, rehani kama ipo, na miaka iliyobaki. Kibali cha kuishi nchini huombwa kando.