Kiwango cha siku ipi? Pensheni za maofisa wa kikoloni na bei ya pauni

Kiwango cha kubadilishia fedha ni bei tu: shilingi ngapi zinanunua pauni moja, au faranga moja. Sisi wa Kigoma tumekulia humo. Anayewakopesha mzigo wateja wa Bujumbura huuliza kwanza: deni tunaliandika kwa shilingi au kwa faranga? Na siku ya kulipa tunachenji kwa bei ya leo au ya siku hiyo? Pensheni nayo ni deni la namna hiyo, ila hulipwa mpaka mtu afe.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi mzigo wa kuwalipa maofisa wa Kiingereza waliostaafu na kurudi kwao. Hesabu ilikuwa nyepesi, shilingi 20 kwa pauni, na hata shilingi yetu wenyewe ilipotoka mwaka 1966 ilianza hapo hapo. Kisha Novemba 1967 Uingereza ikaishusha pauni, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Tanzania haikufuata. Pauni ikawa shilingi 17 na senti 14.

Mchukue Bwana Shauri (ofisa wa wilaya wa kikoloni) mmoja wa kufikirika, aliyewahi kukaa bomani Kigoma, mwenye pensheni ya pauni 600 kwa mwaka. Kwa bei ya zamani ni shilingi 12,000. Kama hati yake inasema pauni, Hazina sasa inatoa shilingi 10,286 hivi, na imepata nafuu. Kama inasema shilingi, Hazina inatoa zile zile 12,000, naye kwao anapokea pauni 700. Pauni 100 kila mwaka, kwa mtu mmoja, zinategemea neno moja kwenye karatasi. Shilingi ikiporomoka mambo hugeuka, na mwenye hati ya shilingi ndiye analia. Wastaafu wetu walioishi miaka ya 1980 wanakijua kilio hicho.

Lakini Tanzania ilikuwa na swali zito kuliko la bei, nami naliona la haki: kwa nini aliyetawaliwa amtunze mtawala uzeeni? Mwaka 1968 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kuacha kulipa pensheni za utumishi wa kabla ya uhuru. Uingereza ikajibu kwa kukata misaada. Mwaka 1973 Bunge la huko likapitisha sheria ya kuiwezesha Uingereza kuubeba yenyewe mzigo wa pensheni za watumishi wake wa makoloni ya zamani.