GPA ya mwalimu mpya inaishia wapi kwenye ajira?

Kila matokeo ya usaili wa walimu yanapotoka, malalamiko ni yale yale: mwenye GPA (wastani wa ufaulu wa chuoni) ya 4.4 kaachwa, mwenye 2.8 kapangiwa kituo. Hakuna maajabu hapo. Katika ajira za serikali Tanzania, ufaulu wa chuoni unakupa sifa ya kuomba. Ukishaketi kwenye usaili, GPA haijumlishwi na alama zako.

Sifa yenyewe huangaliwa kwa kiwango na kwa somo. Mwenye shahada ya ualimu huomba nafasi ya Mwalimu Daraja la III C, wa stashahada III B, wa astashahada III A. Ukiomba Hisabati, transkripti ioneshe kwamba Hisabati ni somo lako la kufundishia. Mwenye shahada isiyo ya ualimu aongeze Stashahada ya Uzamili katika Ualimu. Wengi hukwama hapa kabla hata ya mtihani: wamepakia hati ya matokeo mahali pa cheti, au majina ya vyeti hayalingani na ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Aliyesoma nje naye husahau ithibati ya vyeti vyake kutoka TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (vyuo vya kati).

Kinachofuata ni mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Alama ya kufaulu ni 50, lakini 50 si tiketi ya kuitwa. Waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi, huchukuliwa wa juu, kwa hiyo mwenye 58 anaweza kufaulu na bado asiitwe.

Alama hupotea hata kwenye mambo ya kila siku ya mwalimu. Chukua swali la kuandika lengo mahususi la somo la sehemu (kama 1/2 na 1/3), Hisabati darasa la V. “Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu” ni jibu dhaifu, maana kuelewa utakupimaje? “Hadi mwisho wa kipindi cha dakika 40, mwanafunzi aweze kujumlisha kwa usahihi sehemu mbili zenye asili tofauti, maswali 4 kati ya 5” linapimika. Mwenye GPA kubwa aliyekariri nadharia tu hujikwaa hapa, na aliyejitolea shuleni miaka miwili huliandika bila kufikiri.

Aliyefaulu usaili akakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili huu, na anaweza kupangiwa kituo bila usaili mwingine, ndani ya muda wa kanzidata hiyo. Kwa hiyo usiizime namba ya simu uliyoiweka kwenye akaunti yako ya kuombea ajira.