H. H. Holmes na hoteli ambayo haikuwahi kuwa hoteli

Hadithi husimuliwa hivi: mwaka 1893, Chicago ikiwa na Maonyesho ya Dunia, Holmes, tapeli na muuaji wa Marekani, alifungua hoteli yenye mitego na vyumba vya gesi, akaua wageni 200.

Jengo lilikuwepo kweli, mtaa wa Englewood. Chini kulikuwa na maduka, likiwemo la dawa. Ghorofa ya juu ilitajwa kuwa ya hoteli, lakini haikuwahi kufanya kazi hiyo. Waliotoweka si wageni wa maonyesho. Walikuwa watu waliomfahamu: wapenzi, wafanyakazi, wenye mali aliyoitamani. Wanaohesabiwa kwa ushahidi wanakaribia 9. Yeye mwenyewe alikiri kuua 27, na baadhi ya hao “marehemu” walikuwa hai!

Kilichomponza ni bima. Alimuua mshirika wake, Benjamin Pitezel, ili apate dola 10,000. Jambazi wa treni aliyewahi kufungwa naye kabla ya hapo alikuwa ameahidiwa dola 500 kwa kumtafutia wakili wa mpango huo. Hakulipwa, akamwaga mtama. Holmes alikamatwa Boston, Novemba 1894.

Kisha mpelelezi Frank Geyer akafuata nyayo za watoto watatu wa Pitezel, waliotoweka wakiwa na Holmes, mji kwa mji, nyumba kwa nyumba, akiwa na picha zao mkononi. Wasichana wawili aliwakuta wamezikwa chini ya nyumba moja Toronto. Mabaki ya mvulana yalikuwa karibu na Indianapolis.

Holmes alihukumiwa kwa kosa moja tu, la kumuua Pitezel, akanyongwa Philadelphia tarehe 7 Mei 1896.