Je, wajua kwa nini mwenye kiwanda cha bia Texas anaweza kulazimika kuinunua bia yake mwenyewe?

Tuseme una kiwanda cha bia Texas. Matangi yako yapo hapa, na hatua chache mbele una baa yako ya kiwandani, wateja wameshaketi. Ungedhani bia itatoka tangini iingie bombani, basi, mambo yamekwisha. Sivyo. Mwaka 2017 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba kiwanda kikivuka mapipa 225,000 kwa mwaka, yakihesabiwa pamoja na ya viwanda vingine vya mmiliki huyohuyo, bia ya kuuzwa kwenye baa yake lazima kwanza auziwe msambazaji wa jumla, kisha mwenye kiwanda ainunue tena kwake. (Pipa la bia la Kimarekani ni kama lita 117.) Wewe umeipika, wewe utaimimina, ila katikati kuna mtu anachukua chake.

Huyo mtu wa katikati alitoka wapi? Alizaliwa na sheria, na aliyemzaa alikuwa na sababu nzuri.

Kabla ya mwaka 1920, baa nyingi za Marekani zilikuwa za kiwanda cha bia kuliko za mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Kiwanda kilimlipia leseni, kikamnunulia kaunta, vioo na viti, naye akaahidi kutouza bia ya mwingine. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na hapa kamba ilishikwa na kiwanda. Viwanda viliposhindana, mtaa mmoja ukajaa baa, kila moja ikihangaika kulipa deni. Wengine waligawa chakula cha mchana bure, chenye chumvi ya kutosha kukausha koo la ngamia.

Waliochukizwa na hali hiyo waliunda Anti-Saloon League, yaani muungano wa kupinga baa, huko Ohio mwaka 1893. Kwa maoni yangu hao ndio walimu wa kwanza wa mchezo huu wote wa kuwashinikiza wanasiasa. Kiongozi wao, Wayne Wheeler, hakujali mwanasiasa ni wa chama gani wala kama yeye mwenyewe anakunywa. Alichotaka ni kura yake bungeni, na asiyeitoa aliandamwa mpaka akapoteza kiti. Januari 1920 pombe ikapigwa marufuku nchi nzima. Ikafuata miaka 13 ya magendo na akina Al Capone, mpaka tarehe 5 Desemba 1933 marufuku hiyo ilipofutwa kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba.

Marekebisho hayo yaliliachia kila jimbo lijipangie mambo yake ya pombe, ndiyo maana sheria za bia Marekani zinatofautiana ukivuka tu mpaka wa jimbo. Hata hivyo majimbo mengi yalijenga ukuta wa namna moja: mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye baa au duka, na mmoja asimiliki kazi ya mwenzake. Kiwanda kisirudi kuishika ile kamba. Serikali nayo ikapata mahali pepesi pa kukusanya kodi.

Mpango huo ulifaa kwa nchi yenye viwanda vichache vikubwa, na kwa miongo mingi Marekani ilikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni za bia zilikuwa hazifiki hata 100. Kisha Rais Jimmy Carter akatia saini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani. Waliojifunzia jikoni wakafungua viwanda, na leo viwanda vimepita 9,000. Vingi ni vidogo: matangi machache, bomba kumi, na mwenye mali ndiye huyohuyo anayefagia. Mtu kama huyo anataka kuuza glasi moja moja mlangoni kwake, maana huko ndiko faida iliko. Anakuta mlango una sheria ya mwaka 1933.

Kwa nini haibadilishwi, basi? Kwa sababu msambazaji ni jirani ya mbunge. Kiwanda kikubwa makao yake yako mbali, lakini depo ya bia iko katika kila kona ya jimbo, ina malori, ina madereva wanaopiga kura, na tajiri wake anajulikana kanisani na kwenye mechi za watoto. Nchi nzima wasambazaji wa bia wanakadiriwa kufika 3,000. Chama chao cha kitaifa, National Beer Wholesalers Association, kina mfuko wa kuchangia wagombea ambao kwa misimu kadhaa ya uchaguzi umetoa zaidi ya dola milioni 3, na huwapa Wademokrati na Warepublican vilevile. Wheeler angewaelewa. Hata John McCain, aliyegombea urais mwaka 2008, alipohamia Arizona mwaka 1981 kazi aliyoanza nayo ilikuwa ya uhusiano katika kampuni ya baba mkwe wake, msambazaji mkubwa wa bia. Mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge.

Nguvu hiyo ndiyo inayoeleza vituko kama cha Florida. Sheria ya huko iliruhusu mteja ajaziwe bia bombani katika chupa ya wakia 32, na ikaruhusu galoni nzima, wakia 128. Ya katikati, wakia 64, karibu lita 2, ndiyo iliyokuwa haramu, na ndiyo hasa inayopendwa na wanywaji wa bia za viwanda vidogo nchini kote. Viwanda vidogo vilipoomba kosa hilo lirekebishwe, mwaka 2014 ukaibuka muswada wa kuvitaka vyenye mauzo makubwa viuze chupa na makopo yao kwa msambazaji kwanza, kisha viyanunue tena. Seneti ya jimbo iliupitisha. Ukafia njiani kabla ya kuwa sheria. Chupa ya wakia 64 ikahalalishwa mwaka 2015.

Vituko vya chupa vinachekesha, lakini mikataba ndiyo inayouma zaidi. Katika majimbo mengi, ukishampa msambazaji bia yako, kumwacha ni kugumu kuliko kuvunja ndoa, kwani sheria inamlinda yeye. Mwaka 2013 Texas ilikwenda mbele zaidi: ikakataza kiwanda kulipwa kwa kumpa msambazaji haki ya kusambaza katika eneo fulani, ilhali msambazaji akishaipata bure, anaweza kumuuzia mwenzake kwa fedha nzuri. Viwanda vitatu vidogo vilikwenda mahakamani na kushinda mwaka 2016. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikautengua ushindi huo.

Wasambazaji wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema bila wao, kampuni kubwa ingenunua malori yote na bia ya mdogo isingefika dukani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kampuni kubwa ya bia AB InBev iliponunua mwenzake SABMiller mwaka 2016 (ununuzi uleule ulioiweka TBL ya Tanzania, yenye Kilimanjaro na Safari, mikononi mwake), serikali ya Marekani iliiwekea masharti: isiuze zaidi ya asilimia 10 ya bia yake nchini humo kupitia wasambazaji inaowamiliki. Mwaka huohuo AB InBev ilikinunua kiwanda cha Karbach cha Houston, Texas, na waliotetea sheria ya Texas ya mwaka 2017 walisema walengwa ni majitu ya namna hiyo. Wenye viwanda vidogo walijibu kwamba kikwazo hicho kinamngoja pia yeyote kati yao atakayekua.

Safari hii viwanda vidogo vya Texas vilijifunza kucheza. Viliunda mfuko wao wa kuchangia wanasiasa, vikapita ofisi za bunge Austin, vikakaa mezani na baadhi ya wasambazaji. Walichokuwa wakidai kilikuwa kitu kidogo: mteja aliyetembelea kiwanda aruhusiwe kuondoka na bia ya kunywa nyumbani, jambo ambalo wenye viwanda vya mvinyo katika jimbo hilohilo walikuwa wakilifanya zamani. Waliruhusiwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, kwa kiwango kisichozidi chupa 24 za kawaida kwa mtu mmoja kwa siku.