Kwa nini chuo cha Chennai kimefika Bweleo?

Shika njia ya Fumba kutoka Mji wa Zanzibar, utafika Bweleo, kijiji ambacho wengi tulikijua kwa kina mama wanaofuga chaza na kutengeneza mapambo ya lulu. Tangu 2023 kina mgeni: IIT Madras, chuo cha teknolojia cha Chennai (zamani Madras), kusini mwa India, kimoja kati ya vyuo vya teknolojia vya taifa viitwavyo IIT. Mkataba ulitiwa saini Julai 5 mwaka huo mbele ya Rais Hussein Mwinyi, na kabla mwaka haujaisha vijana walikuwa darasani wakisoma sayansi ya data na akili mnemba. Hiyo ndiyo kampasi ya kwanza ya IIT yoyote nje ya India. Mkuu wake, Profesa Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT.

Wamefuata nini? Sera ya elimu ya India ya 2020 inavihimiza vyuo vyake bora vivuke mipaka. IIT Delhi nayo imeshafungua Abu Dhabi. Zanzibar kwa upande wake inataka wataalamu wafundwe hapahapa.

Ila kinachonivutia zaidi ni historia. IIT Madras yenyewe ilizaliwa 1959 kwa mkono wa Ujerumani Magharibi. Vifaa vya karakana na maabara vilitoka huko, maprofesa wakaja, walimu wa Kihindi wakapelekwa Ujerumani kunolewa. IIT ya Bombay ilisaidiwa na Wasovieti, Kanpur na Wamarekani, Delhi na Waingereza. India ilikuwa na miaka kumi na miwili tu ya uhuru. Aliyekuwa akipokea walimu jana, leo anawatuma.

Kutuma huko si sadaka, lakini. Ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 30. Bila ufadhili, mtoto wa mvuvi wa Bweleo atalisikia tu jina la chuo kilicho jirani yake.

Mlango wa kuingilia nao ni tofauti. India kwenyewe, zaidi ya vijana milioni moja hugombea nafasi chache za IIT kupitia mtihani wa taifa wa hatua mbili. Zanzibar ina mtihani wake na usaili wake. Ndiyo maana katika darasa la kwanza kabisa walikuwamo Wahindi waliofunga safari kuja Unguja kusoma chuo cha kwao.