"Inaruka Hii?" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Modeli za Ndege za Kivita

Kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Chikongola, Mtwara, akiinua macho akaona modeli ya ndege ya plastiki juu ya kabati la vyombo huuliza swali lile lile: "Inaruka hii?" Ameuliza mtoto wa jirani, ameuliza shemeji aliyeshuka kutoka Newala, ameuliza hata fundi aliyekuja kufunga dishi. Nikisema hairuki, haina mota wala betri, namwona mtu anavyopoa. Sasa ya nini?

Haikuundwa iruke. Wapo wanaotengeneza ndege ndogo za kurusha kwa rimoti, nao wana ufundi wao: wanahangaika na wepesi, na umbo la bawa hubadilishwa kidogo ili hewa ilibebe. Mimi nahangaika na ufanano. Modeli ya skeli ya 1:72 maana yake sentimita moja ya plastiki ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Hesabu hiyo ya ajabu imetoka kwenye vipimo vya Waingereza, inchi moja kwa futi sita, kwa hiyo mtu mzima mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ambayo mabawa yake ni mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, inashuka mpaka sentimita 15.6. MiG-21 ya Warusi haifiki hata kumi. Ndani ya udogo huo kuna kiti cha rubani, na juu ya kiti kuna mikanda, na mikanda ina vifungo. Ukipiga chafya, umevipoteza.

"Vitu vya watoto hivi"

Watoto wetu huku hawangoji kununuliwa. Wanasuka magari ya waya, wanatengeneza pangaboi za makuti na kukimbia nazo ufukweni Shangani. Vile ni vya kuchezea, na ni vizuri sana kwa kazi hiyo. Modeli yangu mtoto akiishika kwa mapenzi sekunde tano, antena imekatika.

Tena zamani modeli zilikuwa kazi ya jeshi. Mwanzoni mwa 1942, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge modeli nusu milioni za mbao, kwa skeli ya 1:72. Zilitumika kuwafundisha askari kutambua ndege kwa umbo lake angani, ili mtu wa mzinga asimtungue mwenzake. Vipande vya plastiki vya kuunga nyumbani vilikuwapo kabla ya hapo: kampuni ya Frog ya Uingereza ilivianza mwaka 1936. Skeli tunayotumia leo imepitia mikononi mwa hao.

"Vita vya ndege ni habari za Ulaya, sisi Kusini zinatuhusu nini?"

Hii huniuma kidogo, na husemwa na watu waliosoma.

Meli ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha kwenye mikono ya mto Rufiji mwaka 1914, aliyeiona kutoka juu alikuwa rubani kwenye ndege ya Curtiss inayotua majini. Julai 1915 ilimalizwa kwa mizinga ya meli za Waingereza, huku ndege zilizotoka kisiwa cha Mafia zikiwaelekeza wapigaji. Ndege zenyewe zilikuwa mbao, waya na vitambaa, na hewa ya pwani ilikuwa inazila. Mtu yeyote wa Kilwa au Lindi anayejua jinsi kabati la plaiwudi linavyofumuka masika anaelewa taabu waliyopata.

Halafu kuna L 59, zeppelini ya Wajerumani, yaani chombo kirefu cha angani kinachobebwa na gesi, ninayoipenda kuliko zote. Oktoba 1917 watu walikuwa wanauana Mahiwa, si mbali na Lindi, na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku, walikuwa wameishiwa risasi na dawa. Tarehe 21 Novemba chombo hicho chenye urefu wa mita 226 kiliondoka Jamboli, Bulgaria, na shehena ya tani 15 hivi, kikielekea kwao huku. Hakikutarajiwa kurudi. Kilipangwa kifumuliwe kikifika: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifupa yake ya alumini iwe nguzo. Kilipita Misri, kikaingia Sudan, na magharibi ya Khartoum kikaitwa kwa redio kirudi. Kilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nimepiga hesabu: kwa skeli ya 1:72, L 59 ingekuwa na urefu wa zaidi ya mita tatu. Mama watoto ameshanijibu.

"Wewe unapenda vita"

Wanaosema hivi huwa hawaongei kwa ubaya, hasa wazee walioishi hapa miaka ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Siwabishii sana. Nasema tu kwamba mtu hukaa miezi minne na ndege moja, na katika miezi hiyo anasoma aliyeirusha, aliyeitengeneza na aliyekufa ndani yake. Ushabiki unapungua wenyewe. Kitu kimoja nakizingatia: picha zangu natoa kwenye vitabu na makumbusho, sizungukizunguki na simu karibu na kambi.

Hapo ni dhana za wageni. Sasa za kwetu wenyewe, tunaounga, maana ndizo zinazoharibu kazi.

Kutu

Kijana anamaliza MiG yake vizuri, halafu anachukua rangi ya kahawia na kuipaka kutu kwenye mabawa ili "ionekane imepigana". Nimeona hili mara nyingi, na mwanzoni nililifanya mwenyewe, kwa sababu jicho letu la pwani limelelewa na kutu: mabati, mageti, fremu za baiskeli Mikindani. Lakini ngozi ya ndege nyingi za kivita ni alumini, na alumini haishiki kutu. Rangi ikibanduka pale fundi anapopanda na buti, chini kunaonekana rangi ya msingi, kisha weupe wa alumini kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kahawia iache kwenye mabomba ya moshi, ambayo ni ya chuma na yanaungua.

Na kuna ndege ambazo hata weupe huo ni uongo. Mosquito ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, ilikuwa ya mbao: katikati balsa, nje na ndani plaiwudi ya mti wa betula. Ukiikwangua na kuionyesha alumini, umeikosea heshima. Jirani yangu ni mchongaji wa vinyago, Mmakonde wa Mueda kwa asili, anafanya kazi na mpingo ambao ukiutupa majini unazama. Nilipomwambia kulikuwa na ndege ya vita ya injini mbili iliyotengenezwa kwa mti mwepesi kuliko msufi, aliweka tezo chini. "Waliichonga au waliiunga?" Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na mtu aliyesimama mbele ya kabati langu. Waliiunga. Kiwiliwili kilifinyangwa kwenye kalibu nusu mbili, kushoto na kulia, mitambo mingi ikafungwa ndani nusu zikiwa bado wazi, ndipo zikagandishwa pamoja. Vilevile hasa ninavyofanya mimi na plastiki. Sijui ndege nyingine ambayo kiwanda na meza yangu vimefanana kiasi hicho.

"Mistari ikikolea ndiyo uhalisia"

Bati za ndege zinapokutana pana mstari mwembamba, na watengenezaji wa modeli huuchora kwenye plastiki. Sisi tunaumwagia rangi nyeusi mpaka ndege inakuwa kama shati la drafti. Chukua rula. Mstari wa milimita 0.2 kwenye skeli ya 1:72 ni milimita 14.4 kwenye ndege halisi: pengo la kupenya kidole. Rubani gani atapanda hapo? Tumia kijivu kilichokaribiana na rangi ya bawa, tena kidogo. Mambo ni yaleyale kwenye rangi kuu. Watu wanagombana kuhusu kijani sahihi cha mwaka 1940, wakati ndege mbili za kikosi kimoja, moja imekaa juani miezi sita na nyingine imetoka kiwandani jana, hazikufanana. Kitu kidogo tena kinavutia kikipauka kidogo, kama kilima kinavyopauka ukikitazama kwa mbali.

Gundi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu wanadhani gundi ni gundi, wananunua supagluu ya dukani na kuanza. Modeli hizi ni za plastiki iitwayo polistirini, na gundi yake maalumu ni kimiminika kinachoyeyusha kingo mbili zikaingiana, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Fundi wa kuchomelea angeielewa mara moja. Supagluu inashika juu juu tu. Ina nafasi yake, kwenye vipande vya shaba na vya rezini, ambavyo gundi ya kuyeyusha haiviwezi. Lakini ukiipaka karibu na kioo cha rubani, mvuke wake unakiacha na ukungu mweupe. Kioo nakibandika kwa gundi nyeupe ya seremala, inakauka bila kuonekana, na ikikosewa inafutika kwa maji. Ya kusafishia rangi ya kucha usiisogeze kabisa. Nilimwazima binti yangu meza jioni moja, na bawa la Hurricane likawa uji.

Stika nazo nitasema kwa kifupi: zisiwekwe juu ya rangi isiyong'aa. Uso wake una mikwaruzo midogo inayonasa hewa, stika ikikauka inameta kama magamba ya samaki. Vanishi ya kung'aa kwanza, stika, kisha vanishi isiyong'aa.

"Bila mashine ya rangi huwezi"

Unaweza. Brashi laini, rangi iliyozimuliwa mpaka iwe kama maziwa, tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito, na uvumilivu wa kusubiri kila moja ikauke. Modeli zangu sita za kwanza ni za brashi, na mgeni hazitambui.

Kinyunyizio kinasaidia pale rangi mbili zinapoingiana taratibu. Bei ya kompresa ya madukani, inayokisukumia upepo, ilinishinda, nikaenda kwa mafundi wa friji nikachukua kompresa ya friji bovu. Inafanya kazi kimya kiasi kwamba naitumia usiku watu wamelala. Ina kasoro mbili: inatema mafuta kidogo, na haina pa kuhifadhi upepo, kwa hiyo unahitaji mtungi na kichujio. Kichujio huku ni lazima, kwa sababu hewa ya Mtwara imebeba maji. Masika, bila hicho, unajikuta unanyunyiza matone ya maji katikati ya bawa.

Maji hayohayo ndiyo yanayosababisha jambo ambalo wengi huliita rangi feki. Rangi inayokauka haraka kwa thina hupoza uso wa plastiki inapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu unatua juu yake, na vanishi safi inageuka nyeupe kama imepakwa unga. Duka halina kosa. Subiri siku kavu upulize tena tabaka jepesi, mara nyingi weupe unaondoka.

Siku kavu zinakuja na kusi, kuanzia Juni. Bahati mbaya ndiyo miezi ambayo mikorosho inapuliziwa salfa, na vumbi lake la njano linasafiri kwenye nguo za kila anayetoka shamba. Salfa na shaba haviivani: vipande vyangu vya shaba ambavyo sijavipaka rangi hufifia vikiachwa wazi, kwa hiyo vinakaa ndani ya chupa ya dawa yenye kifuniko. Na shemeji wa Newala, akija msimu huo, namkaribisha barazani kwanza akung'ute shati.

Mosquito ipo mezani sasa, nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Mchongaji amesema nisizifunge mpaka aje aone ndani.